Nilivyojifunza Kusoma Choo cha Mbwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sepetu, ndoo na fagio, nikaambiwa nisimguse mbwa yeyote mpaka niyajue mavi yake. Wueh! Nilikuwa nimetoka nyumbani Njoro asubuhi na mapema, sketi imepigwa pasi ikanyooka, cheti cha shule kwenye bahasha, nikijua naenda kukaa ofisini kupokea simu. Tangazo lilisema wanatafuta mhudumu. Halikusema mhudumu wa nani.

Kampuni ilikuwa ya ulinzi, pale upande wa viwanda Nakuru, nyuma ya maghala ya mahindi. Ilikodisha walinzi na mbwa kwa yeyote mwenye mali ya kulindwa. Mkuu wa mbwa tulimwita Sajini, kwa sababu alikuwa amestaafu polisi, kitengo cha mbwa, na bado alitembea kama yuko kwenye gwaride. Mzee mfupi, sharubu nyeupe, hana mzaha. Aliniangalia viatu kwanza, kisha uso.

"Wewe msichana, unajua kusoma?"

"Ndiyo, Sajini."

"Basi kuja usome hapa."

Akanipeleka kwenye banda la kwanza, akachutama, mtu mzima na suruali yake safi, akaanza kunionyesha kwa kijiti. Hii nyeupe inayovunjika kama chaki, huyu amekula mifupa kupita kiasi. Hii yenye utelezi kama kamasi, tumbo lina vita. Hii yenye punje kama za mchele, ukitulia utaona zinajivuta, hiyo ni tegu, yule mnyoo bapa, na usipompa mbwa dawa atakonda mpaka mbavu zitokeze. "Mbwa hana mdomo wa kusema anaumwa wapi," akasema. "Lakini kila asubuhi anakuachia habari. Ukifagia bila kuangalia, umemnyamazisha."

Nilitaka kurudi Njoro siku hiyo hiyo. Kilichonizuia ni aibu ya kumwambia mama kwamba ile kazi aliyokuwa ametangaza kanisani kwamba nimepata ni ya kuzoa mavi. Nikakaa. Nilikaa mpaka nikastaafu, na leo kutoka Njoro hadi Gilgil ni wachache wanaolijua jina langu. Naitwa Mama Dogi. Ninyi vijana hunipigia simu, "Mathe, mbona dogi yangu inakojolea kochi?" mkitaka dawa ya haraka haraka. Sina dawa ya haraka. Nitawaeleza tu tulivyofanya kazi, na nyinyi mjaribu kuangalia wanyama wenu badala ya kuwapigia kelele.

Mabanda yetu yalikuwa ya simiti tupu. Sakafu simiti, uwanja wa kuchezea simiti, hata pale mbwa jike alipozalia palikuwa simiti na gunia juu yake. Sababu ilikuwa nzuri. Udongo unahifadhi mayai ya minyoo, na mtoto wa mbwa akilamba nyayo zake ameshayameza. Simiti unaiosha kwa mpira wa maji na dawa, inakauka, umemaliza. Daktari wa mifugo wa kampuni, mwanamume mpole mwenye miwani, alikuwa mkali kwa jambo moja tu hilo. Akikuta nyasi zimeota kwenye ufa, anakuita uzing'oe mbele yake.

Wiki ileile ya kwanza mbwa jike mmoja alikuwa amezaa. Nikaenda kumsafishia, nikashangaa kumekauka, hakuna kitu. Watoto chungu nzima, na sakafu safi kuliko jikoni kwetu. Nikasimama kando nione kunaendaje. Haiya! Kumbe mama anawalamba watoto tumboni mpaka watoe haja, halafu anaimeza yote. Nilikimbia nje nikatapika. Sajini alinifuata polepole.

"Umetapika nini?"

"Sajini, yule mbwa ni mchafu."

"Mchafu? Huyo anaficha watoto wake. Huko porini walikotoka babu zake, harufu ya vitoto ingeita fisi. Hapa bandani hakuna fisi wa kumla mtoto wake, lakini yeye hajaambiwa. Rudi ndani umtazame vizuri."

Nikarudi. Nilimtazama yule mama akipita mtoto mmoja mmoja, hasahau hata mmoja, macho yake yamechoka, na sijui kwa nini machozi yalinitoka. Sikuwahi tena kumwita mbwa mchafu.

Kuna jambo jingine la hapo Nakuru ambalo hata leo sijalielewa. Asubuhi zisizo na upepo tulikuwa tunawafungulia uwanjani wajisaidie kabla ya chakula. Mbwa hazunguki bure kabla ya kuchutama. Anazunguka, ananusa, anageuka tena, kama mtu anayetafuta mahali pa kuketi harusini. Basi nilianza kuona kwamba wengi, wakishamaliza kuzunguka, mwili unanyooka upande uleule, kichwa kaskazini kwenye mlima Menengai na mkia kusini ziwani, au kichwa ziwani na mkia Menengai. Mara chache sana mwili ungefuata mstari wa reli, mashariki na magharibi. Nilimwuliza Sajini nikidhani atanicheka.

"Hata mimi nimeona," akasema. "Sijui."

Daktari naye alisema wako wataalamu wanaodhani mbwa anaihisi sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, lakini yeye hakuwa tayari kuapa. Mimi nilikuwa nasimama pale na sepetu yangu, ukungu unatoka kwenye kreta, lile shimo la volkano la Menengai, mbwa wote wamejipanga bila kuamriwa, nahisi baridi mgongoni. Nimeenda kanisani maisha yangu yote na bado ni mara chache nimehisi hivyo.

Kutoka Nakuru nilipelekwa Longonot, kwenye shamba la maua, sasa nikiwa mshika mbwa kamili, nina sare na filimbi. Pale mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Ulinzi, jitu la mtu, buti zinang'aa mpaka unaweza kujipaka poda ukijiangalia. Tulikuwa na jike mmoja mweusi, Malaika. Kila asubuhi Meneja anainama juu yake kumpapasa kichwa, na kila asubuhi Malaika analaza masikio, anajikunja, anakojoa. Juu ya buti.

"Huyu mbwa ana madharau!" Meneja akanguruma. "Mama Dogi, huyu atoke kwa shamba langu. Ananidharau mbele ya watu!"

"Bosi, hiyo si dharau. Hiyo ni shikamoo."

"Ati nini?"

Nikamweleza. Mtoto wa mbwa akikutana na mkubwa wake, hulala chali na kutoa mkojo kidogo, kusema mimi ni mdogo, usiniume. Wengine hawaachi tabia hiyo hata wakikua. Ukimchapa kwa sababu amekojoa, anaona heshima haijatosha, kwa hiyo anaongeza. Nikamfundisha achutame kwa ubavu, asimtazame machoni, ampapase kifuani badala ya kichwani. Baada ya siku chache buti zilikuwa kavu. Meneja akawa anawaambia wageni wa shamba kwamba mbwa wake wanamwamkia, na mimi nikanyamaza nimwachie raha yake.

Halafu Salgaa. Hapo nililinda yadi ya malori, kazi ya vumbi la barabarani na kelele, madereva wakilala kwenye lodgingi na magari yao yakibaki kwetu. Ndipo nilipoanza kufanya kazi na Bosko. Alizaliwa kwenye mabanda yetu Nakuru, akalinda ghala la mahindi, kisha akaletwa kwangu. Dume la rangi ya mchanga, kichwa kikubwa, mpole kwa waliomzoea. Lori likiingia, Bosko anaanza na tairi la mbele, ananusa kwa utulivu, anahamia la pili, la tatu, mpaka trela linaisha, na hapa na pale anainua mguu. Madereva walikuwa wanakasirika, wanasema anaozesha rimu. Mmoja alinifuata kabisa, mzee wa Mombasa.

"Mama, huyu mbwa wako anatafuta nini kwa gari yangu?"

"Mzee, umelala wapi tangu utoke Mombasa?"

Akanitajia, Voi, Mtito, Mlolongo. Nikamwambia kila alipolala kuna mbwa aliyekojolea hilo tairi, na huyu wangu hapa anawajua wote sasa, nani mgonjwa, nani jike aliye tayari, nani mkubwa wa pale. Kesho gari likienda Malaba, mbwa wa Malaba atamjua Bosko. Yule mzee alivua kofia akakuna kichwa. "Mimi nimeendesha hii barabara tangu ujana," akasema, "sikujua nabeba salamu." Tangu siku hiyo akija, anamwita Bosko mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Karibu na kustaafu kwangu, mimi nikiwa msimamizi wa mbwa wa kanda nzima, yadi ya Salgaa ilifungwa, na Bosko alikuwa ameanza kuzeeka. Kampuni ikakubali apewe mtu mwenye nyumba nzuri. Nikampeleka kwa mjane mmoja juu kule Sachangwan, Mama Nyokabi, aliyekuwa amebaki peke yake kwenye shamba la viazi na minji. Boma zuri, nyasi kila mahali, nyumba ya mbao ya tangu enzi za walowezi, na kando ya ua wa miti, kaburi la mume wake. Nikamwacha Bosko pale nikidhani nimempeleka peponi.

Haikupita wiki mbili, simu. Alikuwa Baba Gitau, ndugu wa marehemu.

"Mama Dogi, kuja uchukue mbwa wako kabla hajauawa."

"Ameuma mtu?"

"Afadhali angeuma. Anakunya juu ya kaburi la ndugu yangu. Kila siku. Akimaliza anaparura kwa miguu ya nyuma kama anafukua. Nyasi ekari nzima anaziruka, anaenda palepale tu."

Nilichukua pikapu ya kampuni nikapanda mlima. Nilimkuta Mama Nyokabi jikoni, mwanamke mkavu, mnyamavu, macho yamevimba. Alinipa chai, kisha akanieleza yale ambayo Baba Gitau hakunieleza. Nyokabi, binti yake wa pekee, alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wa pili huko Nairobi, na yeye alitaka kwenda kumsaidia. Mzee alikataa, ilikuwa msimu wa kuvuna. Wakagombana, majirani wakasikia. Aliondoka na neno la mwisho la mume wake likiwa "Ukienda, usinitafute." Akaenda. Mzee akaanguka shambani, moyo, akafa kabla yeye hajarudi. Tangu mazishi Baba Gitau akija bomani hukaa nje, na hajawahi kunywa chai yake. Na kwetu, mtu wa nyumba akikataa chai yako, amekuambia kila kitu.

"Sasa wanasema mzee ananikataa," akasema. "Ati mbwa wangu ndiye mdomo wake. Jumamosi wazee wa ukoo wanakutana hapa. Wanataka niende nikakae kwa Nyokabi, boma litunzwe na wengine, mzee apumzike."

"Mama, acha nimbebe huyu mbwa leo. Gari lipo. Mambo yaishe."

Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia. "Usimbebe. Ukimbeba nitabaki bila kujua kama ni kweli."

Basi nikampigia Meneja wa Kanda, nikaomba siku zangu za likizo zilizobaki, nikalala kwa Mama Nyokabi.

Asubuhi kulipokucha tulisimama dirishani. Ukungu, baridi ya Sachangwan mnaijua. Bosko alitoka kwenye kibanda chake cha mbao, akaingia kwenye nyasi zenye umande, akanusa, akazunguka, akalia kidogo. Akainua mguu wa mbele kama aliyekanyaga moto. Akajaribu kwingine, akalia tena. Halafu akanyoosha moja kwa moja hadi kaburini, akapanda, miguu yote minne, akazunguka, akamaliza, akaparura. Kuparura si kufukua, nyayo za mbwa zina harufu yake na anaipaka tu hapo chini, lakini nilipogeuka kumweleza Mama Nyokabi, alikuwa ameelekeza uso ukutani.

Nilidhani anaweka alama. Nikaosha kaburi kwa siki na maji ya moto niondoe harufu. Akarudi. Nikazungushia miiba. Aii, hapo ndipo niliogopa. Mbwa akakataa kujisaidia kabisa. Siku nzima, usiku, na asubuhi iliyofuata. Tumbo gumu, miguu inatetemeka, chakula hataki, amesimama ukingoni mwa nyasi ananiangalia. Mama Nyokabi mwenyewe, ambaye mbwa huyu alikuwa anamharibia maisha, akaenda akamwekea mkono mgongoni. "Anateseka," akasema. "Kwani anangoja nini?"

Nikampigia Daktari. Yeye alikuwa amestaafu kabla yangu, lakini simu yangu huishika kila mara. Aliniuliza mambo ya figo, mambo ya damu, nikajibu.

"Mama Dogi, Bosko si wetu? Si mimi nilimchanja?"

"Ni wetu."

"Tangu azaliwe, amewahi kujisaidia juu ya nyasi?"

Nikaanza kuhesabu. Mabanda ya Nakuru, simiti. Ghala la mahindi, simiti. Yadi ya Salgaa, simiti kutoka lango hadi lango.

"Mtoto wa mbwa anashika choo kwa nyayo," Daktari akasema, "akiwa mdogo sana. Anachokanyaga wakati huo ndicho anachokijua kuwa choo. Wengine wanabadilika. Wengine mpaka uzeeni hawabadiliki. Hebu angalia hapo kwa huyo mama. Simiti iko wapi?"

Niliangalia. Nyumba ya mbao imekaa juu ya nguzo. Zizi la mabanzi na tope. Njia ya murram, changarawe tupu. Tangi la plastiki juu ya mawe. Boma lote, kutoka ua hadi ua, simiti ilikuwa mahali pamoja tu, juu ya lile kaburi. Nilikaa chini kwenye ngazi. Huyu mnyama alikuwa amefundishwa adabu moja akiwa hajafungua macho vizuri, na alikuwa tayari tumbo lipasuke kuliko kuivunja. Sisi tulikuwa tunamwita mtukanaji.

Nilimpakia kwenye pikapu mpaka kwenye vibanda vya barabarani, nyuma ya duka moja la mbegu lenye uwanja wa simiti. Mwenye duka akakubali kwa sharti nioshe. Nyayo zilipogusa tu chini, Bosko alifumba macho. Ilichukua muda mrefu mno, hata mwenye duka akasema, "Pole, mzee." Nilicheka peke yangu nikiosha, na nikalia kidogo pia.

Kumwambia Mama Nyokabi kulikuwa rahisi. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Wewe unasema hivyo. Baba Gitau atasema umetumwa." Alikuwa na haki. Na ugumu ulikuwa huu. Baba Gitau alikuwa fundi wa mawe, anayesifiwa mpaka Molo, na lile kaburi alilijenga yeye, peke yake, akakataa kusaidiwa hata kubeba maji. Ilikuwa zawadi ya mwisho kwa ndugu aliyemlea. Mbwa alikuwa anapanda juu ya kazi ya mikono yake. Hakuwa mtu mbaya, na shamba la mwenzake hakulitaka. Alikuwa anaumia.

Nilimfuata kwake.

"Baba Gitau, nataka umwage simiti kidogo nyuma ya zizi. Upana wa mlango tu."

"Ya nini?"

"Ya Bosko."

Aliweka chini kikombe. "Mimi, niliyemlaza ndugu yangu, nimjengee mbwa choo?"

"Ndiyo, mzee."

Nilidhani atanifukuza. Nikamweleza yote, Nakuru, ghala, Salgaa, na duka la mbegu. Alinisikiliza akiangalia viganja vyake. Mwishowe akasimama.

"Nitajenga. Lakini Jumamosi toa miiba yote. Kaburi likae wazi, na mbwa afunguliwe mbele ya wazee, achague. Akienda kwa ndugu yangu, wewe na yeye msinionyeshe uso tena. Na huyo mama ataondoka."

Alikuja na mchanga, kokoto na simiti, na kwa sababu fundi hajui kuharibu kazi hata akitaka, alipima kwa pima maji, akalainisha juu, akafunika kwa magunia mabichi ili isipasuke. Kila siku mpaka ikakomaa alikuja kuyamwagia maji magunia, haongei na mtu. Nami kila siku nikawa nampeleka Bosko kwenye duka la mbegu. Ijumaa jioni nikaosha kaburi tena, na kwenye simiti mpya nikapaka choo kidogo cha Bosko mwenyewe, ili pua yake ipate pa kuanzia. Baada ya hapo nilikuwa sina la kufanya. Mbwa huwezi kumwomba.

Jumamosi wazee walikaa kwenye mabenchi, makoti yamefungwa hadi shingoni. Mama Nyokabi alisimama mlangoni. Nilifungua kibanda nikarudi nyuma, maana ningemtazama tu wangesema nimempa ishara. Bosko akatoka, akajinyoosha, akaingia kwenye nyasi. Akaelekea kaburini.

Nilisikia lori likipanda mlima kule barabarani kwa gia nzito. Bosko akafika katikati, akasimama. Akainua pua. Akakaa hivyo, ameinua pua, sijui anahesabu nini, na mimi nikamwona Baba Gitau amefumba macho. Kisha mbwa akageuka. Akarudi nyasi zote alizopita, akazunguka zizi, akaipanda ile simiti mguu mmoja baada ya mwingine, akanusa ukingo wote. Akazunguka. Akazunguka tena. Akachutama.

"Ngai!" mzee mmoja akasema. "Ameipenda."

Baba Gitau alinyanyuka akaenda mpaka pale, akasubiri mbwa amalize, akainama akagusa ukingo wa simiti yake kwa vidole. Kisha akapita mbele ya wazee wote mpaka mlangoni.

"Mama Nyokabi," akasema, "chai iko?"

Yule mama aligeuka. Akaingia tu ndani, tukasikia sufuria ikianguka.

Wakati naondoka alinisindikiza hadi langoni. "Wote walidhani naogopa kufukuzwa," akaniambia. "Ningefukuzwa ningeenda. Mama Dogi, mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba mzee ananichukia."

Sasa nimestaafu, niko Njoro, nafuga kuku. Watu huniita kuangalia mbwa anayekula mavi, mbwa anayeburuta makalio, mbwa anayechimba mashimo bomani na bibi fulani ameshasema anachimba kaburi la mtu. Karibu kila mara kuna sababu, na karibu kila mara mwenye mbwa amekasirika kabla hajatazama. Anayeburuta makalio, vifuko vyake vya harufu vimejaa, vikamuliwe. Anayechimba, pengine ana joto, pengine amechoka kukaa bure. Mengine sijui, na ninasema sijui, kama nilivyofundishwa. Ninavyozidi kuzeeka ndivyo wanavyozidi kunishangaza, na sioni haya kusema hivyo.

Juzi Mama Nyokabi alinipigia. Akaniambia Jumapili, baada ya kanisa, alichukua kigoda akakaa kando ya kaburi kwa mara ya kwanza. Tangu mazishi alikuwa anapita pale akiangalia pembeni.

Kuna jambo hakuwa amemwambia mtu, na sasa akaniambia. Kwetu Wakikuyu mvulana wa pili hupewa jina la baba ya mama yake, na huhesabiwa ni yeye amezaliwa tena. Nyokabi, aliyekuwa na mvulana tayari, alijifungua mvulana mwingine. Ndiyo sababu Mama Nyokabi aling'ang'ania kwenda. Alikuwa ameota hivyo. Siku mtoto alipozaliwa alipiga simu nyumbani tena na tena kumpa mume wake habari, na simu haikushikwa.

"Kwa hiyo nilimwambia hapo," akasema. "Nikamwambia, mzee, ulizaliwa. Una kilo nzuri, na una sauti. Nikamwambia nilienda kukupokea."

Nikamwuliza Bosko alikuwa wapi.

"Alikuwa amelala kwa nyasi," akasema, "kichwa kwa mguu wangu."